Tubandike tinti nyumba nzima? Jibu kwa msomaji wa Tegeta

Swali: Shikamoo mhandisi. Tuna nyumba ya vyumba vitatu na sebule huku Tegeta, bati la msauzi rangi ya maruni, dari ya jipsamu. Mbele inatazama magharibi kwa sababu barabara iko huko. Sebule ina madirisha mawili makubwa upande huo, na chumba chetu cha kulala kina moja. Yote ni ya alumini ya kuteleza, vioo vyeupe vya milimita 5. Kuanzia saa tisa alasiri sebuleni hapakaliki, na usiku chumbani tunalala na AC, ambayo ni moja tu nyumba nzima. Fundi wa alumini ametushauri tubandike tinti madirisha yote, shilingi 40,000 kwa mita ya mraba pamoja na kazi, jumla 640,000. Anasema joto litapungua kwa asilimia 80, na alituonyesha kwa taa yake ya joto iliyowekwa nyuma ya kipande cha tinti, nikaona kweli kiganja hakiungui. Mume wangu anasema mapazia mazito yanatosha. Tufanyeje?

Marahaba, dada yangu. Umenisaidia sana uliponiambia nyumba inatazama wapi. Wengi huniuliza kuhusu tinti bila kutaja upande wa jua, na hapo sina la kuwajibu.

Msibandike nyumba nzima. Dirisha la chumba chenu cha kulala, ndiyo, libandikeni. Yale mawili ya sebuleni yasubiri kidogo, kwa sababu kuna kitu cha kufanya nje yake kwanza ambacho kitawafaa zaidi. Madirisha yaliyobaki yaacheni yalivyo.

Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu la saa sita mchana huwa juu sana mwaka mzima. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, linapita utosini kabisa, hata nguzo iliyosimama wima haitupi kivuli. Juni linaegemea kaskazini, lakini saa sita mchana bado liko nyuzi 60 juu ya upeo wa macho. Desemba linaegemea kusini, nyuzi 73. Jua la namna hiyo haliingii dirishani kirahisi. Ukingo wa paa uliotokeza sentimita 60 nje ya ukuta hutupa kivuli cha mita moja hivi kwenye ukuta wa kaskazini hata mwezi Juni, na Juni wenyewe ni kipupwe, hakuna anayelalamikia joto. Madirisha yenu ya kaskazini na kusini yanalindwa na paa tayari. Ya mashariki hupigwa na jua la asubuhi, wakati hewa bado ina ubaridi wa usiku na watoto wako shule.

Magharibi ndiko kwenye tatizo. Katikati ya Februari, saa kumi na moja jioni, jua la Dar limeshuka hadi nyuzi 25 hivi. Ukingo ule ule wa sentimita 60 sasa unatupa kivuli cha sentimita 28 tu kuanzia usawa wa paa kwenda chini, na kwa kuwa juu ya dirisha kuna kipande cha ukuta kabla ya kufika kwenye paa, kioo chenyewe kinabaki wazi chote. Jua linaingia moja kwa moja, linafika kwenye sofa, linafika kwenye sakafu. Na hii ndiyo miezi ya kaskazi, yenye joto kuliko yote, ambapo nyumba nzima imeshashiba joto la mchana. Video nyingi za tinti mnazoziona mtandaoni zimetengenezwa Marekani au Ulaya, ambako dirisha la kusini ndilo linalopigwa na jua siku nzima. Ukiuhamishia Tegeta ushauri huo utalipia dirisha ambalo halikuwa na tatizo.

Kwa hesabu yako ya 640,000, nyumba nzima ina mita za mraba 16 za vioo. Hukunipa vipimo vya kila dirisha, kwa hiyo nachukua vile ninavyovikuta kwenye nyumba nyingi za aina yenu: sebuleni mita 1.8 kwa 1.5 kila moja, chumbani 1.5 kwa 1.2. Upande wote wa magharibi unakuwa na mita za mraba 7.2. Zile nyingine karibu 9, ambazo ni zaidi ya nusu ya bei, hazina kazi ya kufanya.

Sasa ile taa. Sisemi fundi wako ni mwongo. Wauzaji wengi hutumia taa hiyo, na wengi wanaiamini wao wenyewe. Lakini taa ile hutoa karibu nishati yake yote kwa miale ya infraredi, ambayo macho hayaioni. Jua haliko hivyo. Nishati ya jua inayotufikia ni takriban nusu infraredi, karibu nusu nyingine ni mwanga tunaouona, na asilimia chache ni miale ya urujuanimno, ile inayopausha vitambaa. Filamu, yaani hiyo tinti yenyewe, ikiwa inakamata infraredi vizuri itaonekana ya ajabu mbele ya taa, kwa sababu taa haina kitu kingine cha kupitisha. Mbele ya jua, ile nusu ya mwanga inaendelea kuingia, na mwanga ukishatua kwenye sofa, kapeti au ukuta unageuka joto vilevile. Tena ile asilimia ya infraredi inayoandikwa kwenye tangazo mara nyingi imepimwa kwenye kipande kidogo tu cha miale hiyo, kile ambacho filamu inakimudu vizuri.

Namba ya kuuliza ni moja: jumla ya nishati ya jua inayokataliwa. Kwenye karatasi ya kiwanda huandikwa kwa herufi TSER. Fundi asiyeweza kukuonyesha karatasi hiyo hajui anauza nini, na hapo usinunue. Ukiipata, kumbuka kwamba kioo cheupe kitupu cha milimita 5 tayari kinakataa kiasi cha asilimia 17. Filamu yenye jumla ya 60 haikuongezei 60, inakutoa kwenye 17 na kukupeleka 60. Ni nafuu kubwa, lakini siyo ile uliyoambiwa.

Je, 80 haipo kabisa? Zipo filamu za fedha, zinazong'aa kama kioo cha kujitazamia, ambazo jumla yake hukaribia namba hiyo. Hizo hupitisha mwanga kidogo sana, kama moja ya tano au chini. Mtakaa sebuleni mchana mkiwasha taa, na jirani wa ng'ambo ya barabara atapigwa machoni na mwako wa jua lenu kila jioni. Kwa nyumba ya kuishi mimi sizipendi.

Kabla ya kutoa hata shilingi, hakikisheni joto linaingia dirishani kweli. Hili nalisisitiza kwa sababu inaniuma kuona familia inamaliza laki sita kwenye vioo huku paa linaendelea kuwachoma. Bati la maruni lisilo na kivuli, saa saba mchana wa Februari, linaweza kupita nyuzi joto 60. Hewa iliyofungiwa kati yake na jipsamu inachemka, jipsamu inapata moto, halafu inawamwagia joto vichwani bila hata upepo kupita. Simama juu ya kiti saa tisa alasiri, nyanyua kiganja karibu na dari bila kuigusa. Ukisikia joto linashuka, paa ni mshtakiwa wa kwanza.

Kisha saa tatu au saa nne usiku, chumbani, gusa ukuta wa magharibi kwa ndani. Tofali la simenti la inchi sita hunywa jua la jioni na kulitoa saa kadhaa baadaye, wakati ambao mmeshaingia kitandani. Kama ukuta una uvuguvugu kuliko kuta nyingine, basi sehemu ya umeme mnaolipia kwenye AC unatumika kupoza tofali, na hakuna filamu inayogusa tofali. Ukuta huo ukipakwa rangi nyeupe kwa nje, au ukapata kivuli, mtauona usiku unabadilika.

Jaribio la tatu ndilo ninalolitegemea zaidi. Tafuteni maboksi makubwa, ya friji au tivii, myafungue na kuyafunga nje ya madirisha ya sebule, yafunike kioo chote, kwa siku mbili zenye jua kali. Tundikeni kipimajoto cha bei ndogo katikati ya chumba, mbali na jua, mwandike kinasema nini saa kumi na saa kumi na moja. Kisha toeni maboksi, mpime siku mbili nyingine zinazofanana. Boksi huzuia jua lote, kitu ambacho filamu haiwezi. Kama boksi lenyewe halikubadilisha hali ya chumba, filamu haitaibadilisha. Kama lilibadilisha sana, mmejua dirisha ndilo linalowaumiza, na sasa mna sababu ya kutumia pesa hapo.

Kwa maelezo yako, kwamba sebule inakuwa mbaya kuanzia saa tisa na kuendelea, natarajia mtakuta madirisha yana hatia kubwa na paa lina yake pia.

Tuje sebuleni. Hakuna AC humo, kwa hiyo jioni mnafungua madirisha. Dirisha la kuteleza likifunguliwa, nusu yake inabaki wavu mtupu. Kile kioo kilichobandikwa kinasogea na kujificha nyuma ya mwenzake, na jua linapita kwenye wavu bila kukutana na filamu yoyote. Mmelipia dirisha zima, mnafaidi nusu. Mkilifunga ili filamu ifanye kazi yote, mmeua upepo. Na kwa Tegeta upepo wa mchana hutoka baharini, mashariki, nyuma ya nyumba yenu. Unaingia kwa madirisha ya nyuma na unahitaji mlango wa kutokea, ambao ni hayo madirisha ya magharibi. Joto la Dar lina unyevu mwingi, jasho halikauki, na mwili hupoa pale tu hewa inapotembea. Siwezi kumshauri mtu wa pwani afunge dirisha ili aitunze tinti yake.

Ndiyo maana sebuleni nataka kivuli cha nje, kinachozuia jua kabla halijafika kwenye wavu na kuacha upepo upite. Kwa kuwa jua la jioni linakuja limelala, kibaraza cha bati juu ya dirisha hakitoshi, kinahitajika kitu kinachosimama au kuning'inia wima. Njia nyepesi ni pazia la mianzi au matete lililofungwa chini ya ukingo wa paa, likae mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite nyuma yake. Linashushwa saa nane, linakunjwa jioni. Litachakaa kwa mvua na itabidi mlibadilishe baada ya muda, lakini gharama yake ni ndogo na kazi yake inaonekana siku ile ile.

Njia ninayoipenda zaidi ni mpasheni. Simikeni nguzo mbili tatu, mita moja hivi kutoka ukutani, mtandaze waya, mpande mipasheni miwili kila dirisha. Ikishatanda, majani yanakamata jua, hayapati moto kama bati, upepo unapita katikati yake, na matunda mnakula. Ipunguzeni mara kwa mara ili isigeuke kichaka. Kama kiwanja kinaruhusu, pandeni na mwarobaini mmoja upande huo, au safu ya miashoki kama nafasi ni nyembamba. Mti uwe mbali na msingi na mbali na chemba za maji taka, maana mizizi haina adabu. Kivuli cha mti kitafika pia kwenye ule ukuta wa chumba, na hapo mtapata faida ambayo filamu haikuweza kuwapa.

Mwaka mmoja baada ya hapo, kama bado kuna saa ya jioni ambayo jua linawapata, bandikeni filamu sebuleni pia. Haina madhara. Ila naamini hamtaihitaji.

Chumbani hali ni tofauti kabisa. Mna AC, kwa hiyo mnafunga dirisha, na dirisha likifungwa filamu inalinda kioo chote. Tufanye hesabu. Jua la jioni kwenye dirisha la magharibi huleta kiasi cha wati 600 kwa kila mita ya mraba. Dirisha lenu la mita za mraba 1.8 linapokea wati 1,080. Kioo kitupu kinaingiza kama 900 kati ya hizo, sawa na pasi inayowaka chumbani jioni nzima. Filamu yenye jumla ya 60 inaingiza kama 430. Tofauti ni wati 470. Kwa saa tatu za jua hilo, ni takriban uniti moja na nusu za joto ambazo haziingii.

Lakini AC haitumii uniti moja ya umeme kutoa uniti moja ya joto. Mashine iliyo katika hali nzuri hutoa kama tatu kwa moja. Kwa hiyo umeme mnaouokoa ni nusu uniti kwa siku ya jua kali. Kwa bei ya kawaida ya LUKU, ambayo ni kama shilingi 350 kwa uniti, ni shilingi 175 kwa siku, au 5,000 na kidogo kwa mwezi usiokuwa na mawingu. Filamu ya dirisha hilo moja, kwa bei ya fundi wenu, ni shilingi 72,000. Mkihesabu siku za masika, siku za mawingu, na ukweli kwamba AC mnaiwasha usiku na si saa kumi jioni, itachukua miaka miwili au zaidi kurudisha pesa yake kwa njia ya LUKU.

Nimekuwekea hesabu hiyo waziwazi kwa sababu ndiyo mahali watu hudanganywa zaidi. Anayewauzia filamu kwa ahadi kwamba bili itashuka nusu hajakaa na kalamu. Mimi naishauri chumbani kwa sababu nyingine. Mtaingia kulala kwenye chumba ambacho godoro, kabati na sakafu havikuokwa jioni nzima. AC itafikia kiwango mnachokitaka mapema na kupumzika, badala ya kuunguruma hadi saa saba usiku. Hiyo raha ina thamani ya elfu sabini, na ingekuwa na thamani hiyo hata kama LUKU isingebadilika kabisa.

Mume wako na mapazia mazito. Ana haki kidogo, na rangi ndiyo inayoamua. Pazia liko ndani, jua limeshapita kioo kabla ya kulifikia. Pazia la rangi nzito, maruni au kahawia, hunywa lile jua, linapata moto na kuupuliza chumbani, ndiyo maana ukishika pazia la namna hiyo saa kumi na moja linakuwa la moto. Pazia lenye mgongo mweupe hurudisha sehemu ya mwanga nje kupitia kioo kile kile. Kwa hiyo kama mapazia yenu ni mazito na ya rangi, mshoneeni bitana nyeupe upande wa dirishani. Ni kazi ya fundi cherehani ya siku moja, na katika yote niliyoyataja hii ndiyo ya haraka zaidi. Haifikii kivuli cha nje, lakini ikiungana na filamu chumbani inafanya kazi nzuri. Acheni tu nafasi ya vidole vinne kati ya pazia na kioo.

Nafasi hiyo ina sababu. Filamu haikatai joto lote kwa kulirudisha nje. Sehemu inalinyonya, na kioo chenyewe kinapata moto kuliko zamani. Kioo cha kawaida kinapopata moto katikati huku kingo zake, zilizofichwa ndani ya fremu, zikibaki baridi, kinavutana chenyewe kwa chenyewe, na kama ukingo una ufa mdogo wa tangu kilipokatwa, kinaweza kupasuka kuanzia hapo. Filamu nyeusi tititi, zile za rangi tupu zinazobandikwa kwenye magari, ndizo zinazonyonya zaidi. Kioo cha gari cha pembeni kimechomwa maalumu kuhimili hilo, cha dirisha lenu hakijachomwa. Kwa hiyo tinti ya gari isije nyumbani, hata kama fundi anayo dukani na ni ya bei nafuu. Ina kasoro ya pili: rangi yake hupauka na kugeuka zambarau, halafu inaota mapovu.

Nyinyi mna vioo vyeupe, mko salama na filamu ya majengo yenye kung'aa kidogo, ambayo ina chuma ndani yake, au ile ya seramiki, isiyo na chuma. Msomaji mwingine mwenye vioo ambavyo vimetoka kiwandani na rangi ya shaba, kijivu au bluu, asibandike kitu juu yake kabla ya kumuuliza mtengenezaji wa filamu. Vioo hivyo vinanyonya joto tayari, na kuviongezea filamu nyeusi ndiyo njia ya haraka ya kuvipasua. Na anayejenga sasa hivi, ambaye bado hajanunua madirisha, asifikirie filamu kabisa. Apunguze madirisha ya magharibi, aongeze baraza upande huo, na pesa iende kwenye paa.

Kati ya hizo aina mbili nilizokutajia, ya seramiki ni ghali zaidi, inaacha mwanga mwingi uingie na haiingiliani na mtandao wa simu. Yenye chuma ndani yake hukataa joto vizuri kwa bei ndogo, lakini inaweza kupunguza nguvu ya mtandao, na kwenye nyumba ya tofali iliyoezekwa bati, dirisha ndilo tundu ambalo mawimbi ya simu hupitia. Halafu kuna chumvi ya bahari. Filamu yenye chuma huweza kuliwa na kutu kuanzia kingoni kama haikukatwa na kubandikwa vizuri. Kwa dirisha moja la mita za mraba 1.8, tofauti ya bei ni ndogo, chukueni ya seramiki yenye jumla ya 55 au 60. Mwombe fundi kipande cha sampuli, mkibandike kwa maji upande mmoja wa kioo saa kumi na moja jioni, uweke kiganja kimoja nyuma yake na kingine nyuma ya kioo kitupu. Hilo ndilo jaribio la haki, kwa jua lenyewe.

Watu wengi hubandika tinti ili wasionekane, na najua barabara iko mbele yenu. Filamu inayong'aa humficha aliye upande wenye giza. Mchana nje kuna mwanga zaidi, kwa hiyo mpita njia anajiona mwenyewe. Usiku mkiwasha taa chumbani, mambo yanageuka: yeye anawaona nyinyi, na nyinyi mnajiona kwenye kioo. Msije mkaondoa mapazia kwa kuiamini tinti.

Paa nimelitaja mara kadhaa, na kama lile jaribio la kiganja limeonyesha joto linashuka, zile 568,000 zinazobaki mkibandika chumba peke yake zianzie huko. Fungueni matundu ya hewa kwenye kingo za paa pande mbili zinazotazamana, yawekewe wavu wa kuzuia popo na ndege, ili hewa ya moto itoke. Kisha mwite fundi paa awapigie hesabu ya karatasi ya kung'aa ya kuzuia joto chini ya bati, walau juu ya sebule na chumba chenu. Siku bati litakapohitaji kupakwa upya, achaneni na maruni, chagueni nyeupe au krimu. Feni ya dari sebuleni nayo ni pesa iliyotumika vizuri.

Siku ya kubandika, fundi aje asubuhi kabla upepo haujaanza kuinua vumbi. Kama nondo zenu ziko upande wa ndani, avitoe vioo kwenye reli na kuvilaza mezani badala ya kupenyeza mikono, vinginevyo mtabaki na mikunjo. Kioo kisafishwe hadi pembeni, filamu ikatwe ikiacha upenyo wa milimita moja au mbili kabla ya kufika kwenye mpira, na ikamuliwe maji vizuri. Vitone vya maji na ukungu kidogo vitabaki kwa wiki kadhaa, hiyo ni kawaida, gundi inakauka na vitaondoka vyenyewe. Mapovu yenye vumbi ndani hayataondoka, hayo arudie, kwa hiyo bakizeni sehemu ya malipo hadi mwezi mmoja upite. Katika mwezi huo msioshe kioo kwa ndani. Baada ya hapo tumieni maji, sabuni ya vyombo na kitambaa laini, si dawa ya vioo yenye amonia, na wala si gazeti.